Gurnah na wazimu wa kazi: tunamsifu kwa lipi?



Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Oktoba 2021, kila penye harusi au hitima ya Waswahili hapa nasikia hotuba ileile: Mwoneni Gurnah! Kaja hana kitu, kakazana, leo dunia nzima yamjua. Na nyie vijana kazaneni!

Sina ugomvi na kukazana. Mtu kazaliwa Unguja 1948, kaingia Uingereza 1968, na riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ikatoka 1987. Hesabuni wenyewe: miaka 19. Tuzo imemkuta ana riwaya kumi, na nyingi ya hizo kaziandika huku akifundisha Chuo Kikuu cha Kent na kusahihisha insha za wanafunzi kama sisi wengine, hadi alipostaafu 2017. Si mchezo. Bila ya kitu kama wazimu, kazi hiyo haifanyiki.

Ila nina swali. Hawa wanaompigia mfano, riwaya zenyewe wamezisoma? Maana mie nikizisoma naona zinasema jambo jingine kabisa.

Chukua By the Sea (2001). Latif Mahmud ndiye hasa kijana wa ile hotuba: kaenda kusoma Ujerumani Mashariki, akatorokea Uingereza, akawa mshairi na mwalimu wa chuo kikuu hapa hapa London. Kafaulu. Lakini njiani kaliacha hata jina alilopewa na wazazi, na kwa miaka chungu nzima hakuandika kwao. Habari za waliobaki nyumbani anakuja kuzipata kwa Saleh Omar, mzee mkimbizi ambaye ndiye aliyeichukua nyumba ya baba yake. Msomi mzima, fasihi ya Waingereza anaijua, ya kwao haijui!

Au Admiring Silence (1996). Msimulizi, ambaye hata jina hana, kakaa Uingereza miaka ishirini, ana mwenzake Mwingereza na binti mkubwa, na kwao hakuna anayejua. Anaporudi kutembea, wanamtafutia mke.

Na Paradise (1994), ambamo baba anahangaika na biashara, anazama katika madeni, na anayewekwa rehani ni mtoto, Yusuf. Mkubwa katafuta maisha, mdogo kalipa.

Mtaniambia mhusika si mwandishi. Kweli. Gurnah mwenyewe alirudi Unguja 1984, kabla kitabu chake cha kwanza hakijatoka, akawahi kumwona baba yake, ambaye hakuishi sana baada ya hapo. Sisemi safari ile ndiyo iliyozaa vitabu. Nasema tu kwamba aliyeandika juu ya wasiorudi alikuwa anaijua njia ya kurudi.

Kwa hiyo kwangu mimi, hoja ya riwaya hizi si kwamba bidii hulipa. Hoja ni kwamba bidii inaweza kuwa pazia. Mtu anajifungia na vitabu, watu wanasema mashallah, kumbe nyuma ya pazia mna aibu na woga wa kuulizwa ulikuwa wapi.

Nasema haya kwa kuwa yananihusu. Mwaka niliokuwa namalizia tasnifu, dada alipiga simu: "Kaka, mama anakuulizia, njoo." Nikamjibu nitakuja nikimaliza sura ya nne. Sura ilimalizika. Nilifika siku ya arobaini. Tasnifu nimemtabarukia mama, na watu husifu yale maneno ya ukurasa wa mwanzo. Sura ya nne yenyewe, kwa ninavyojua, imesomwa na msimamizi wangu na watahini wawili.

Sijui kama ningekwenda ningeipata shahada. Pengine ningechelewa mwaka. Lakini hiyo ndiyo hesabu ambayo wenye hotuba hawaifanyi: wanahesabu alichopata mwenye bidii, hawamuulizi aliyelipia.

Basi kabla ya hotuba nyingine tumsome. Anayechoshwa na Kiingereza, ipo Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis wa SOAS, imetoka 2022. Na tukishamaliza kusoma, tuinue simu tupige nyumbani.

Wasalaam.