Nani Alishika Dodoso?

Julai 1985 Mahakama ya Juu ya India ilitoa hukumu ya kesi ya Olga Tellis. Manispaa ya Bombay, Mumbai ya leo, iliruhusiwa kubomoa vibanda vya watu waliokuwa wakiishi kwenye njia za waenda kwa miguu, ila isubiri mvua zipite, hadi 31 Oktoba. Mwaka huohuo SPARC, shirika changa lililoanzia kwenye gereji ya zahanati ya manispaa huko Byculla, lilifanya sensa ya wakazi hao likishirikiana na wenyewe, hasa wanawake. Zilihesabiwa kaya 6,000 hivi, watu wapatao 27,000. Ripoti yake ikaitwa We, the Invisible.

Idadi hiyo inanivutia kidogo kuliko namna ilivyopatikana. Swali la "umekaa hapa tangu lini?" likitoka kwa karani wa manispaa linanuka bomoabomoa, na mtu mwenye akili atalikwepa. Likiulizwa na anayelala hatua kumi kutoka kwako, uongo haukufai kitu: naye alikuwepo ulipofika. Ndiyo maana picha iliyotoka haikufanana na ile ya wazururaji wa kupita. Wengi walikuwa wamekaa hapo miaka na miaka, walikuwa na vibarua, na kazini walikwenda kwa miguu. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana: ukimhamishia pembezoni mwa jiji mtu asiye na nauli, umemfukuza kazi pia.

Hata hivyo, kusema utafiti ule uliongozwa na wasio na makazi ni kuutia chumvi. Wataalamu wa SPARC ndio walioandika ripoti, na Mahila Milan, umoja wa wanawake wa barabarani, uliundwa 1986, sensa ikiwa imekwisha. Ningeuita shirikishi, niishie hapo.

Na ujirani nao una upande wake mbaya. Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda nchini Kenya, ulipohesabu kaya Huruma, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mvutano ulikuwa kati ya wenye vibanda na wapangaji. Wote ni wanakijiji, wote wanayajua maisha yale, lakini kila mmoja ana sababu ya kuipindisha hesabu. Dawa ilikuwa kuzihesabu pande zote mbili, kisha kuirudisha orodha kijijini ihakikiwe. Kwangu hatua hii ya uhakiki ndiyo inayoubeba utafiti. Bila hiyo, mdadisi mwenyeji ana upendeleo kama mgeni, ila wake ni mgumu kuugundua.

Kasoro moja haitibiwi na uhakiki huo. Dodoso la kaya linahitaji mlango wa kuandikwa namba. Anayelala peke yake kituo cha basi hana mlango, wala jirani wa kusema "huyu tunamjua". Yeye huhesabiwa usiku, na wanaofaa kumhesabu ni waliowahi kulala hapohapo, maana wao wanajua nani huhama baada ya doria ya saa nane.