Dungu Hujengwa Kiangazi

Mwezi wa Agosti bonde la Kilombero hukauka hadi udongo wake mweusi ukapasuka nyufa za kumeza kisigino. Anayevuka daraja la Magufuli kwa baiskeli akitokea Ifakara huukuta mto umerudi kwenye njia yake, na kila upande ni mabua ya mpunga, moshi wa nyika inayoungua na ng'ombe wanaotafuta majani. Huo ndio wakati ambao fundi wa dungu huwaza maji. Anajua kwamba ikifika Aprili, mito ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga itakuwa imeshamwaga mzigo wake wote humu, na hapa aliposimama na shoka patapita mtumbwi.

Familia nyingi za bondeni zina makazi mawili. Moja ni nyumba ya mjini au kijijini, ya tofali na bati, karibu na shule na zahanati. Nyingine iko shambani, mbali na barabara, na huko watu huhamia mpunga ukishaanza kusimama, wakaishi hadi mavuno ya Mei na Juni, maana shamba lisilo na mtu ni la kweleakwelea, nguruwe pori na viboko. Penye maji mengi, makazi hayo ya shambani ni dungu: nyumba ya miti na nyasi iliyonyanyuliwa juu ya nguzo. Wageni hulitazama wakaona kibanda cha muda. Mimi naona kazi ya mikono ambayo ni chache zinazoifikia katika mkoa mzima wa Morogoro.

Nina mjomba ambaye kila kiangazi hulikarabati dungu la ukoo wetu ng'ambo ya mto. Nimemsaidia miaka mingi, na kubwa nililoliona ni kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake ni kuchagua na kungoja.

Huanza na nguzo. Huzigonga moja moja kwa mgongo wa panga, chini karibu na ardhi, sikio ameliinamisha. Nguzo nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyooza ndani hujibu kwa uzito. Hagongi juu, kwa sababu nguzo haiozi kokote tu. Huoza pale hewa na udongo vinapokutana, kiasi cha shubiri moja juu na moja chini, na hapo ndipo mchwa pia huanzia. Ikibidi kuibadilisha, hutafutwa mti mgumu wenye panda. Gome humenywa, na kitako cha nguzo huzungushwa motoni polepole hadi ngozi yake ya nje iwe nyeusi pande zote, bila kuacha doa jeupe hata moja. Shimo huchimbwa hadi mkono uingie wote na bega liguse ardhi. Kisha hujazwa udongo wa kichuguu kidogo kidogo, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya jingine. Siku nzima inaweza kuishia kwenye nguzo mbili, naye huondoka ameridhika.

Panda ndiyo inayobeba. Boriti hulala ndani yake kwa uzito wake wenyewe, na kilichobaki ni kamba. Dungu zima halina msumari, na nilipouliza sababu nilipokuwa kijana alinijibu, "Mpwa wangu, msumari hushika mahali pamoja. Maji yakisukuma, mti hupasuka hapo hapo." Kamba huacha mti ucheze kidogo kisha ukae tena. Kwenye mafuriko nguzo hutikiswa mchana na usiku, na magogo huja na mkondo yakagonga. Nyumba iliyofungwa huyumba, iliyopigiliwa hukatika.

Kamba yenyewe ina majira yake. Miyombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, Septemba na Oktoba, na wakati huo utomvu umepanda, gome huachia kirahisi likatoka refu bila kukatika. Mjomba hachuni mti uliosimama. Huchukua gome la ule ule aliouangusha kwa ajili ya boriti, kwa hiyo mti mmoja hutoa boriti na kamba ya kuifungia. Hutenga ganda la nje, akabaki na utando wa ndani, akauloweka kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi hufunga ungali umelowa: huzungusha mara tatu, huvuka kati ya miti miwili, kisha huweka mguu kwenye boriti na kuvuta kwa mgongo. Jioni kamba imekauka, imejikaza, na kucha haipenyi chini yake.

Sakafu huwekwa fito na juu yake matete, na huachwa na upenyo kwa makusudi. Kabla maji hayajafika, moto huwashwa chini jioni, moshi ukapanda katikati ya matete na kuwasumbua mbu. Kwenye bonde hili, ambako watafiti wa malaria wamefanya kazi Ifakara tangu miaka ya 1950, jambo hilo si dogo. Mtafiti Derek Charlwood, aliyewahi kuwachunguza mbu wa Namawala humu bondeni, alichapisha na wenzake mwaka 2003 utafiti wa kisiwa cha São Tomé: katika nyumba zilizonyanyuliwa juu ya nguzo walinasa karibu nusu tu ya mbu wa malaria waliowanasa kwenye nyumba za chini. Chandarua hakina mbadala, na mjomba hulala ndani ya chake. Lakini nafurahi kwamba kimo cha dungu kina faida hiyo pia.

Nyasi za paa hukatwa mapema, zikishadondosha mbegu na kabla moto wa nyika haujazifikia. Hukung'utwa, maganda yakatoka, yakabaki mabua matupu, kwani maganda hushika maji na paa likaoza. Uezekaji huanzia chini kupanda juu, na paa huachwa kali, lenye mteremko wa kumfanya fundi mwenyewe aogope kusimama. Huezeka upande mmoja kwa mwaka, ule unaopigwa na mvua kwanza, na mwingine mwaka unaofuata, hivyo paa halichakai lote kwa pamoja.

Siku hizi madungu mengi hufungwa kwa kamba ya manila na kufunikwa turubai. Siwalaumu wanaofanya hivyo: miti ya kujengea imekuwa mbali, na familia zinakwenda shambani zimechelewa. Turubai mjomba amelikubali, hulitandika chini ya nyasi. Manila ameikataa, kwa kuwa haijikazi ikikauka, na jua likiipata sana hukatika bila kutoa dalili.

Kilele cha paa sasa hukifunga binti yake, ambaye ni mwepesi na ana mkono mzuri kuliko sisi wote. Mwaka jana alibadili mafundo ya pale juu, akayaelekeza upande usiopigwa na mvua. Baba yake alipanda, akayavuta moja moja, akashuka bila kufungua hata moja. Mwaka huu wamefunga hivyo pande zote mbili.