Besiboli ya Krismasi, Migori

Krismasi Migori ni mabasi kutoka Nairobi yaliyosheheni watu na mizigo, ibada ndefu, kuku na chapati, na jioni vijana kwenye uwanja wa shule wakiwa na gongo na glavu. Besiboli, mchezo wa Marekani, imepata wapenzi wake hapa, na likizoni huchezwa bila kocha wala kombe. Naisifu kwa sababu moja: haimruhusu mtu kujifanya.

Tazama udakaji. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149, ngozi ngumu iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, mishono 108. Ukipigwa chini kwenye uwanja wa murram, hujui utarukia wapi. Mwenye kiburi huungoja wima, mkono mbele kama anayesimamisha matatu, ukamgonga kifuani. Fundi huinama mapema, magoti yamekunjwa, glavu imegusa vumbi. Mpira ukiingia, huvuta mikono nyuma kidogo kuelekea tumboni, kasi ifie humo. Nilimwona binti mmoja wa Homa Bay, aliyekuja kwa wajomba zake, akifanya hivyo kwa glavu ya kuazima iliyoshonwa upya kwa uzi wa viatu. Macho hayakubanduka mpirani. Hapo hakuna kuigiza. Umedaka au umekosa, na kosa lako linaandikwa mbele ya mama na mashangazi.

Imani ninayoipenda ni ya namna hiyo. Mungu hakututumia salamu. Alikuja mwenyewe, akawa mtoto, akalazwa horini. Ndiyo maana sioni raha katika Krismasi ya pamba iliyobandikwa dirishani iwe theluji, wakati nje jua la Desemba linawaka na watoto wanakimbia peku.

Wapo wanaosema mchezo huu si wetu. Lakini Usabato nao ulifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, ukiletwa na Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, Malawi ya leo. Hakuna mzee wa kanisa Homa Bay anayeuona leo kuwa wa kuazima. Kinachoshikwa kwa mikono yako mwaka baada ya mwaka kinakuwa chako.

Mwaka 2021 Krismasi iliangukia Jumamosi. Vijana niliokuwa nikiwatazama walikuwa na mrushaji mmoja wa kutegemewa, naye ni Msabato, mtu wa kuabudu Jumamosi. Hakuwahubiria wenzake wala hakujitetea. Alisema siku hiyo atakuwa kanisani, basi. Wenzake, wengi wao Wakatoliki, wakaisogeza mechi ya Krismasi hadi Jumapili baada ya misa. Nilimkumbuka Sandy Koufax, Myahudi, mmoja wa warushaji bora waliowahi kutokea, aliyekataa kucheza mechi ya kwanza ya fainali za Marekani tarehe 6 Oktoba 1965 kwa sababu ilikuwa Yom Kippur, siku ya toba. Dodgers, timu yake, walifungwa 8-2. Tarehe 14 alirusha mechi ya saba yote bila wapinzani kupata hata pointi moja, na ubingwa ukawa wao. Lakini hata wangeukosa, ningemheshimu vilevile.

Jumapili ile kijana wetu alirusha vizuri. Zamu yake ya kupiga ilipofika, mwenzake alikuwa kituo cha tatu na pointi zilikuwa sare. Kila mtu alitarajia apige kwa nguvu zote. Yeye akalishika gongo kwa mikono miwili kifuani, akaugusa mpira tu, ukabingirika hatua chache. Walimtoa kabla hajafika kituo cha kwanza, lakini mwenzake alishafika kituo cha nyumbani, na pointi ikaingia. Kanuni haimhesabii mpigaji wa namna hiyo kuwa ameshindwa. Shangazi mmoja akauliza kwa nini aliyetolewa ndiye anayepigiwa vigelegele, na mpwa wake akaanza kumweleza kwa Kijaluo, akimwonyesha vituo kimoja kimoja kwa kidole.