Alama moja, kazi mbili: pale Unicode ilipobana Kimalayalam

Wandugu, leo nakosoa kitu kidogo kabisa: alama inayoua vokali katika maandishi ya India. Wenye Kihindi wanaiita halant, Watamil pulli, Wamalayalam chandrakkala.

Huko kila konsonanti inakuja na "a" yake. Ukiandika k peke yake, inasomeka "ka". Sasa jaribu neno letu "daktari" kwa maandishi ya Kihindi: ile k haina vokali, basi unaitilia halant. Hapo halant inafanya kazi mbili: inaua "a", tena inashikanisha k na t ziwe umbo moja.

Unicode ilipotoka mwaka wa 1991, ilifuata mpango wa India wa 1988 uliopanga maandishi karibu yote ya nchi kwa utaratibu mmoja. Sababu naielewa: ilirahisisha kuhamisha neno kutoka maandishi haya kwenda yale. Lakini nguo ilipimwa kwa mwili wa Kihindi, njo wengine wakavalishwa. Kwa Kitamil pulli ni nukta juu ya herufi, na herufi zenyewe karibu hazishikani kamwe. Bon, Watamil waliweza kuvumilia.

Kule Kerala mambo yalikuwa mabaya zaidi. Chandrakkala mwishoni mwa neno haiui vokali yote. Inaacha sauti fupi, kama "u" iliyomezwa. Konsonanti isiyo na vokali kabisa ina herufi yake, chillu. Unicode haikuipa chillu nafasi: uliandika konsonanti, chandrakkala, halafu alama ya kuunganisha isiyoonekana kwa macho. Sasa "avan" ni yeye, "avanu" (hiyo u ya kumezwa) ni kwake yeye. Tofauti yote ilibebwa na kitu kisichoonekana, ambacho programu nyingine zilikitupa tu. Nani ametenda, nani ametendewa? Mimi siwezi kuita hilo jambo la wataalamu peke yao.

Mwaka wa 2008 chillu zilipewa nafasi zao, na mwaka huohuo kazi mbili za ile alama zikatenganishwa katika maandishi ya Myanmar. Vizuri, lakini ni miaka 17 baadaye! Na Unicode haikutangaza kwamba chillu ya zamani na ya sasa ni kitu kimoja. Programu isiyofundishwa kuzilinganisha, ukiitafutia "avan" ya leo, inapita juu ya "avan" ya zamani bila kuiona.