Kulilia Kiambishi: Ufundi wa Sauti na Hisia katika Uimbaji wa Kwaya, Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika mafunzo ya kwaya nchini Tanzania upo mgawanyo wa kazi uliozoeleka hata hauhojiwi tena. Kwanza mwimbaji hufundishwa nota, pumzi na ulinganifu wa sauti. Hisia huachwa zije baadaye, mithili ya chumvi inayotiwa mboga ikishaiva. Zisipokuja, lawama humwangukia yeye: haimbi kwa moyo. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo kwa hoja ya kiisimu. Tunadai kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ukosefu wa hisia katika uimbaji wa Kiswahili ni kosa la mkazo, na kwamba kosa hilo mara nyingi limo ndani ya wimbo kabla mwimbaji hajafumbua kinywa.

Mfano wetu ni kwaya za makanisa za mwambao wa Ziwa Nyasa, pande za Lipingo, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Huko, kama kwingineko nchini, chombo kikuu cha mwalimu ni solfa, mbinu iliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 na kufikishwa Afrika na wamisionari. Mwalimu huandika solfa ubaoni. Soprano, alto, teno na besi hukariri kila kundi mstari wake. Maneno huletwa mwisho. Utaratibu huu una heshima yake. Kwaya isiyo na kinanda huweza kujifunza wimbo wa sauti nne kwa ubao na chaki tu. Lakini wakati koo na mapafu vinajifunza wimbo, neno halipo. Linapowasili, linakuta uzito wa mapigo umekwisha kugawiwa.

Hapa ndipo fonolojia inapodai haki yake. Mkazo wa Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kuuhamisha kunaweza kubadili hata maana: barabara ya magari na barabara yenye maana ya "sawasawa" hutenganishwa na mkazo peke yake. Kijerumani, lugha ya mama ya wamisionari Wabenedikto waliojenga kituo cha Peramiho mwaka 1898, kina maneno mengi ya silabi moja, na tuni zake nyingi huishia papo hapo, juu ya pigo zito na nota ndefu. Tazama "Stille Nacht", wimbo wa Noeli ambao Franz Gruber aliutungia tuni mwaka 1818: ubeti wa kwanza unafungwa kwa neno la silabi moja lenye mkazo kamili. Mfasiri wa Kiswahili hana hazina ya maneno ya namna hiyo. Analazimika kukalisha juu ya nota hiyo silabi ya mwisho ya neno refu, yaani silabi ambayo katika usemi haina nguvu.

Tuchukue neno "moyoni", kwa kielelezo tu. Katika mazungumzo uzito uko kwenye -yo-. Likiwekwa mwishoni mwa tuni ya aina hiyo, pigo zito na urefu wote hupewa -ni. Kisha mwalimu anayejali hisia huongeza agizo lake: nota ya mwisho ijazwe, ipanuliwe, itoke rohoni. Matokeo yake ni kwaya nzima kulilia kiambishi cha mahali. Hapo mwimbaji afumbe macho, akunje uso, atikise sauti: msikilizaji anaona juhudi na kusikia neno lililovunjika. Haya maigizo ya uchungu, ambayo video za kwaya zimeyafanya kuwa desturi, kwa maoni yetu ni fidia ya kile ambacho silabi imenyimwa.

Isidhaniwe kwamba tunaubeza ufundi. Neno kama "wanaotutegemea" lina silabi nane. Mwimbaji asiyejua kutunza pumzi akilikata katikati, msikilizaji anapewa viambishi vinne ambavyo bado havijapata shina, naye hawezi kuguswa na kitenzi ambacho hajakisikia. Vivyo hivyo katika irabu. Kimatengo, lugha ya milima iliyo juu ya ziwa, kina irabu saba, zikiwamo e mbili na o mbili. Kiswahili kina tano. Waimbaji kutoka milimani na wa mwambao wakisimama safu moja, e zao zinaweza zisikutane, na amri ya jumla ya "fungua mdomo" haitoshi kuzikutanisha. Anayewafundisha e ipi waitumie anafundisha ufundi, na papo hapo anafanya neno lisikike.

Wala ufundi si mali ya Ulaya na hisia mali ya Afrika, kama wasemavyo baadhi ya watetezi wa utamaduni. Mganda, ngoma ya pande zote za ziwa hili, ambao Terence Ranger aliujadili mwaka 1975 pamoja na beni, ulijengwa juu ya gwaride la kijeshi. Anayepiga lipenga la kibuyu huimba ndani yake, na utando huifanya sauti ivume. Nidhamu ya safu na ya sauti ndiyo inayowasisimua watazamaji.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika arudhi. Shairi la mizani kumi na sita huhesabu silabi bila kujali mkazo, na vina vyake hukaa mwishoni. Taarabu, tangu enzi za Siti binti Saad aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, huvuta silabi za mwisho bila kumpoteza msikilizaji. Je, hoja yetu imeanguka? Hatuoni hivyo. Katika shairi silabi ya mwisho hubeba kina. Inavutwa kwa sababu ina kazi, na sikio linaingoja. Katika tenzi nyingi za tafsiri -ni haibebi kina wala mkazo. Inachobeba ni nota tu.

Stephen Mbunga, padri wa Peramiho, aliutetea muziki wa Kibantu katika Church Law and Bantu Music (1963), mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipopitisha hati yake juu ya liturujia. Mjadala uliofuata umetumia nguvu nyingi mno kwenye ngoma na manyanga. Ngoma zimeingia kanisani; silabi imebaki ilipokuwa, hata katika nyimbo zilizotungwa na wenyeji waliolelewa na tuni zilezile.

Tiba ni nyepesi kwenye karatasi. Nota ndefu ya mwisho igawanywe: sehemu kubwa ipewe silabi yenye mkazo, na sehemu fupi, kwa kimo kilekile, ipewe silabi ya mwisho. Maneno yaliyotangulia yatasogezwa nyuma silabi moja, na upatanifu wa sauti nne hautaguswa. Ugumu uko kwa watu. Mama wa Lipingo aliyemzika mzazi wake kwa wimbo huo amekwisha kuifunga huzuni yake kwenye ile -ni iliyovutwa, ukimsahihishia, unamnyang'anya. Nyimbo za namna hiyo tungeziacha zilivyo, na kuanza na zile ambazo bado ziko mezani kwa mtunzi.