Mabenchi ya Nyamata na Majirani wa Katumba

Ni jambo jema Wakristo wanaposafiri kwenda Rwanda kuona kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Lakini safari ya namna hiyo ipimwe kwa moyo tunaorudi nao Mpanda kuliko kwa machozi tuliyoyamwaga Kigali.

Makumbusho ya Gisozi, mjini Kigali, yalifunguliwa mwaka 2004. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Uzuri wake ni kwamba hayaanzi na mapanga. Yanaanza mbali: wakoloni wa Kibelgiji wakiandika kabila katika vitambulisho, kisha redio ikimwita jirani mende. Mgeni anaona jinsi chuki ilivyopandwa, ikapaliliwa, hata ikavunwa.

Nyamata ni kanisa. Mwezi Aprili 1994 maelfu walikimbilia humo wakitumaini kwamba hakuna atakayeua mbele ya madhabahu. Waliuawa humo humo, na baadaye nguo zao zikatandazwa juu ya mabenchi ya ibada. Kwetu Nyamata inahubiri kwa nguvu kuliko Gisozi, maana inatunyima nafasi ya kuwa watazamaji. Waliouawa walikuwa wamebatizwa; wengi wa waliowaua nao walikuwa wamebatizwa. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani padre Mkatoliki na mchungaji Msabato. Tusijifariji kwamba sisi ni Walutheri, kwa kuwa Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na Wanazi wakayatumia.

Hata hivyo, tunaona upungufu katika safari hizi. Waliolengwa Rwanda mwaka 1994 walikuwa Watutsi. Msharika aliyeona hayo tu anaweza kurudi akidhani kwamba Wahutu ni kabila la wauaji. Lakini hapa kwetu Katavi, huko Katumba na Mishamo, wanaishi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Wengi wao ni Wahutu. Wengi wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania, lakini bado tunasikia wakiitwa "wale wakimbizi", hata kwa vinywa vya watu wa kanisa.

Basi, anayelia Nyamata kisha akamdharau jirani wa Katumba hajajifunza. Amebadilisha tu jina la anayemchukia. Kaini hakumwua mgeni wa mbali. Alimwua ndugu yake shambani.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla usharika haujachanga nauli ya Kigali, twende kwanza Katumba. Tusiende na kamera wala magunia ya msaada. Tusali nao, tule nao, na mzee akipenda kusimulia ya mwaka 1972, tunyamaze tumsikilize. Asipopenda, tusimlazimishe. Ndipo tutakapokuwa tayari kuingia Nyamata.