Nguvu Inayojua Kuachia

Kuvuta kwa mikono dema lililolala mita 100 chini ya maji baridi ni kazi ya kuvunja mgongo. Kamba ni nzito, kwa kuwa ndani yake mmefumwa risasi ya kuizamisha. Vidole vinakufa ganzi. Dema linapanda likiyasukuma maji, na ukipumzika linataka kurudi lilikotoka. Ukishalipakia botini, unakumbuka kwamba bado matatu, maana huko British Columbia, magharibi ya Kanada, mtu mmoja mwenye leseni ya kuvua kitoweo chake anaruhusiwa kutega madema 4. Ng'ambo ya mpaka, kwenye maji ya Puget Sound katika jimbo la Washington, kila mtu ana madema 2 na haruhusiwi kuchukua zaidi ya kambamiti 80 kwa siku. Huko msimu wenyewe hufunguliwa kwa siku chache, tena kwa saa chache za siku hizo. Anayechoka mapema amekosa.

Ndiyo sababu, miezi ya mvua na baridi ikifika, wapo watu wa pwani hiyo wanaojifungia gereji na mota kuukuu, vipande vya alumini, betri na keekee, wakajiundia mashine ya kuvutia dema. Madukani zipo zilizo tayari. Wao wanataka ya kwao. Mimi naiona kazi hiyo kuwa ufundi hasa, na nataka kuisifu kwa jina hilo.

Kwanza tumjue anayetafutwa. Ni kambamiti mwenye rangi ya machungwa na madoa meupe mkiani, ambaye wataalamu wanamwita Pandalus platyceros, mkubwa kuliko kambamiti wote wa pwani hiyo. Maisha yake yanastaajabisha: huanza akiwa dume, akizidi kukua hugeuka jike, hubeba mayai chini ya tumbo majira yote ya baridi, na kwa kawaida hufa baada ya mayai kuanguliwa, akiwa na umri wa miaka 4 hivi. Kwa hiyo wakubwa wanaotamaniwa na kila mpishi ndio majike wa uzao. Serikali ya Kanada husimamia uvuvi wa biashara kwa kuhesabu majike wanaoingia kwenye kila dema. Wakipungua chini ya kiwango kilichowekwa, eneo linafungwa. Dema linafaa kwa mnyama wa namna hii, kwa sababu wanapanda wakiwa hai na mvuvi anaweza kumrudisha majini jike mwenye mayai kabla hajadhurika.

Watu wa Pwani yetu hawahitaji kufundishwa dema ni nini. La kwetu husukwa kwa mianzi au fito, huzamishwa kwa mawe, na huingizwa chambo ili samaki aingie asijue pa kutokea. La kule ni la fremu ya chuma na wavu, chambo chake huwa chakula cha samaki wa kufugwa au hata chakula cha paka chenye harufu kali ya samaki, lakini akili ni ileile: mlango mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani. Tofauti kubwa ni kina. Dema la kwenye miamba ya Pwani hutegwa mahali ambapo mara nyingi mpiga mbizi anaweza kulifikia. Kambamiti wa madoa hukaa mita 60, 90, hata zaidi ya 100, kwenye ghuba nyembamba zilizochongwa na barafu ya kale, ambako mlima unashuka wima na kuendelea kushuka chini ya maji. Pale huendi na pumzi yako. Una kamba tu.

Sasa tuingie gereji. Fundi anayejitengenezea mashine huanza na hesabu, na hesabu hii inafurahisha kwa jinsi ilivyo ya unyenyekevu. Tuseme madema mawili yamefungwa kwenye kamba moja, na kwa uzito wake pamoja na upinzani wa maji yanavuta kama mzigo wa kilo 20. Tunataka yapande nusu mita kwa sekunde. Kutoka mita 100 ni dakika 3 na kidogo. Nguvu inayohitajika ni wati 100 tu. Balbu moja ya zamani ilikula kiasi hicho.

Roda ya kuvutia kamba ikiwa na kipenyo cha sentimita 20, mzunguko wake mmoja unavuta sentimita 63. Basi inatakiwa izunguke karibu mara 48 kwa dakika. Lakini mota ya umeme haipendi mwendo huo; inapenda kukimbia, pengine mizunguko 2,400 kwa dakika. Tofauti ni mara 50. Hapo fundi hutafuta giya ya parafujo: parafujo nene iliyoshikana na gurudumu lenye meno 50, kila parafujo ikizunguka mara moja, gurudumu linasogea jino moja. Giya hii inakula sana nguvu. Ukiingiza wati 250, huenda zikatoka 100, nyingine zikaishia kwenye msuguano na joto. Mwenye kupenda mashine za kisasa atauona huo kuwa ubovu. Fundi wa dema anaulipia kwa moyo mkunjufu, kwa sababu msuguano uleule ndio unaoizuia giya kurudi nyuma. Umeme ukikatika dema likiwa katikati ya safari, linabaki pale pale lilipo. Hakuna breki, hakuna kufuli. Umbo la parafujo linatosha.

Wati 250 kwenye betri ya volti 12 ni ampea 21 hivi. Kwa dakika 3 na kidogo, ni zaidi kidogo ya ampea-saa moja, kwa hiyo betri moja nzuri ya boti inavuta madema ya siku nzima bila kutetereka. Kinachoumiza ni waya. Kutoka betri ilipo hadi ubavuni mwa boti ni kama mita 4, umeme unakwenda na kurudi, yaani mita 8 za shaba. Ukitumia waya mwembamba wa milimita mraba 2.5, unapoteza zaidi ya volti moja njiani na waya unapata moto. Ukitumia wa milimita mraba 10, unapoteza chini ya theluthi ya volti. Fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, siyo karibu na mota, ili waya wote uwe chini ya ulinzi wake. Haya hayaonekani mashine ikishafungwa, na ndipo unapomtambua fundi: kwenye yale aliyoyafanya vizuri akijua hakuna atakayeyafunua.

Bahari nayo ina madai yake. Bolti ya stenlesi iliyokazwa moja kwa moja kwenye alumini, ikapigwa na maji ya chumvi, inageuka betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Unakuta unga mweupe umejaa kwenye tundu na bolti imeng'ang'ania. Mwenye kujua huweka washa za plastiki na grisi nzito kila mahali metali mbili zinapokutana.

Lakini moyo wa mashine ni roda, na hapa naomba nikae kidogo.

Mtu asiyezoea akisikia kuvuta kamba kwa mota huwaza winchi, yaani pipa linaloviringisha kamba na kuihifadhi. Mashine ya dema haihifadhi chochote. Ni sahani mbili za chuma au alumini zilizofungwa mgongo kwa mgongo, zikaacha mfereji mwembamba kati yake, mpana kwa juu na unaozidi kubana kwenda ndani. Kamba inapita juu, inazama mferejini, inabanwa, inavutwa nusu mzunguko, halafu inatolewa upande wa pili na kuanguka kwenye ndoo. Aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kusaga unga anaujua mkanda wa pembe tatu unaoshika puli kwa mbavu zake. Kamba inashika roda vivyo hivyo. Na kama mkanda, kamba haitakiwi kugusa kitako cha mfereji. Ikigusa tu, imekaa, haijabanwa tena, na mshiko umekwisha.

Hisabati ya jambo hili ni ya zamani. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, alionyesha kuwa mshiko wa kamba iliyozungushwa kwenye nguzo hauongezeki kwa kujumlisha, unaongezeka kwa kuzidisha. Chukua kamba iliyolowa, yenye msuguano wa 0.2. Ikizunguka nusu gurudumu lililo bapa, mkono unaoshika mkia wa kamba unaweza kuzuia mzigo usiofika mara mbili ya nguvu yake. Iweke kamba hiyohiyo kwenye mfereji wenye pembe ya nyuzi 30 kati ya kuta zake: sasa mkono huo unazuia mara 11. Hujaongeza mota wala betri. Umeinamisha kuta mbili tu.

Mzee mmoja jirani yangu wa Nanaimo, mji wa British Columbia, fundi wa magari aliyestaafu, aliijaribu roda yake kwa kuitundika kwenye boriti ya gereji na kuning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Katikati ya sahani mbili alikuwa ameweka washa nyembamba, na kazi yake ilikuwa kuongeza moja, kupunguza moja, akitazama kamba ya milimita 8 inakaa wapi. Kamba ilipobanwa sawasawa, ndoo ilipanda taratibu bila kuruka, na matone ya maji yaliyokamuliwa kwenye kamba yalitoka kwenye ukingo wa sahani kwa mstari mmoja mwembamba. Kisha aliikamata ndoo kwa mikono miwili na kuivuta chini kwa uzito wake wote. Roda iliendelea kuzunguka. Kamba ikateleza ndani ya mfereji, ndoo ikasimama. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta: mahali ambapo mashine inashika mzigo wake na kukataa mzigo usio wake.

Kwa nini mashine ikatae? Kwa sababu dema huweza kunasa chini ya jiwe. Boti inapanda na wimbi, maji yanajaa au yanakupwa, na hasa nyakati za bamvua mkondo una nguvu. Kamba iliyofungwa kwenye pipa la winchi inaigeuza boti kuwa mateka wa jiwe. Ubavu unainama, maji yanachungulia, na kinachobaki ni kisu. Roda ya mfereji iko wazi upande mmoja. Ikishindwa, inateleza. Isipoteleza, mkono unaichomoa kamba mferejini mara moja na boti iko huru. Wapo waliochomelea meno ndani ya sahani ili kamba isiteleze kamwe. Wanapata nguvu, naam, na kamba inatafunwa msimu mmoja, na jiwe likikamata hakuna wa kuachia. Nasema bila kusita kwamba huo ni ufundi uliopotea njia. Swichi nayo iwe ya kubonyeza kwa kuishikilia, siyo ya kuwasha na kuiacha, ili kidole kikiondoka kila kitu kisimame. Mikono mirefu ya koti ikunjwe.

Mashine pia inamdai nahodha adabu. Dema lisiburutwe. Boti iletwe juu yake, kamba isimame wima, ndipo mota iwashwe. Chini ya maji hayo kuna sponji za kioo, viumbe dhaifu wanaojenga miamba kwa karne nyingi. Mwaka 2015 Kanada ilipiga marufuku uvuvi unaogusa sakafu kwenye miamba 9 ya mlangobahari wa Georgia, na mwaka 2019 ikaongeza mingine katika ghuba ya Howe Sound. Dema la kambamiti limo katika marufuku hayo. Hata nje ya mipaka hiyo, anayevuta wima anaiacha sakafu alivyoikuta.

Nimewasikia wanaosema kwamba mota inaondoa utamu wa uvuvi. Heshima yangu kwao, lakini waangalie ni nani walio kwenye boti hizo. Wengi ni watu wazima wenye mabega yaliyochakaa kwa kazi ya miaka mingi misituni, viwandani na kwenye meli. Wati 100 zinawarudishia bahari. Na kambamiti anapofika juu, kazi ya mikono ndiyo kwanza inaanza: kuchagua, kurudisha wenye mayai, kuwakata vichwa upesi, maana kambamiti huyu akifa na kichwa chake, vimeng'enya vinaingia kwenye nyama ya mkia na kuilainisha mpaka haina ladha.

Kiungo cha mwisho ninachotaka kukitaja ni kidogo kuliko vyote: kidole kinachoingia mferejini upande wa pili na kuing'oa kamba isizunguke tena na roda. Cha dukani mara nyingi ni cha chuma. Mzee wa Nanaimo alikata chake kutoka kwenye ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga, akakifunga kwa bolti mbili. Kamba inakisugua kutwa, na kila msimu inachimba humo njia yake, laini na iliyonyooka. Ikizama sana, anafungua bolti mbili, anakata kingine. Ubao huo una vidole vingi bado, na kamba yake ni ileile aliyoanza nayo.